Kiti cha Deiwaka

Mimi nina mdomo, najijua, na hakuna mtu aliyeufaidi mdomo huo kama shemeji yangu Elihuruma. Amemwoa mdogo wangu Tekla, wanaishi Akheri katikati ya migomba, na kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa moja tu: udeiwaka. Kwa asiyejua, deiwaka ni dereva asiye na gari. Dereva mwenye gari akiumwa, akifiwa, akioa, au akichoka tu akataka kulala, anampigia deiwaka simu, na deiwaka anakuja kushika usukani mpaka mwenyewe arudi. Mwenyewe akirudi, deiwaka anateremka na kwenda kijiweni kusubiri mwingine apatwe na jambo.

"Yaani wewe," nilikuwa namwambia, "unaamka asubuhi unaombea watu waugue."

"Siombi, shemeji," ananijibu huku anatafuna. "Wanaugua wenyewe."

Kijiwe chake kilikuwa mbele ya mgahawa wangu pale Tengeru, ninapopika machalari na mtori, kwa hiyo nilimwona karibu kila siku: mtu mfupi, mpole, ana mto kwapani. Mto huo alishonewa na Tekla kwa kitenge cha njano, ukashindiliwa sufi mpaka ukawa mgumu. Sokoni walimwita Mwenye Mto, na wala hakukasirika. Kila dereva huweka kiti kwa kimo chake, na Elihuruma kimo alinyimwa. Mtu mwingine angekivuta kiti mbele, basi, yamekwisha. Yeye hakukigusa. Hakugusa kiti, hakugusa kioo cha pembeni, hakugusa hata redio. Kama mwenye gari alikuwa anasikiliza taarabu, Elihuruma alikwenda na taarabu mpaka Singida na kurudi nayo.

"Gari ya mtu unairudisha kama ulivyoikuta," alikuwa anasema. "Leo ukivuta kiti, kesho utataka na gari."

Kwa hiyo mto ulikaa mgongoni, yeye akakaa ukingoni mwa kiti, na miguu akainyoosha mpaka ikafika kwenye klachi. Mimi niliuita ujinga, tena mbele ya wateja. Tekla hakucheka. Tekla alitaka kitu kimoja tu kwa mumewe, kwamba siku moja akabidhiwe gari, liwe kazi yake, na siku zake zijulikane. Alichoka kuishi na mtu anayelala na simu kifuani. Kanisani mara moja simu iliita katikati ya mnada wa sadaka, Elihuruma akanyoosha mkono kuomba njia atoke nje, mwendesha mnada akadhani ameongeza dau. Yeye akaenda zake Babati na Fuso ya watu, na Tekla akarudi nyumbani amebeba jogoo ambaye hakuna aliyemhitaji.

Ndipo ikaja habari ya Ngedere. Ngedere ni timu ya mbio za magari, zile za rally, na yadi yao iko Daraja Mbili. Dereva wa mbio ni Najim, kijana wa familia inayouza spea mjini tangu enzi za babu yao, na msimamizi wa timu ni dada yake mkubwa, Zuleha. Gari la mbio haliendi kwenye mashindano kwa miguu yake. Linapandishwa juu ya lori, linafungwa mikanda na kufunikwa kama bibi harusi, na nyuma yake yanapangwa matairi, jeki na hema. Timu ilikuwa imenunua lori na inatafuta wa kuliendesha. Mimi nilishapata kazi ya kuwapikia siku za mashindano, kwa hiyo nikampenyeza jina la shemeji yangu kwa Zuleha, nikamsifia kuliko anavyostahili.

Siku ya majaribio nilikuwepo, nimejifanya nimekuja kupima masufuria. Madereva wengine walikaa kwenye benchi na mashati ya pasi, kila mmoja na bahasha ya vyeti. Elihuruma alikuja na leseni na mto. Aliyemtangulia aliitwa Gidion, mrefu kama nguzo ya umeme, na Gidion alikuwa amekisukuma kiti nyuma mpaka mwisho. Shemeji yangu akapanda, Zuleha akakaa upande wa pili. Akaweka mto mgongoni, akawasha, akalizungusha lori yadi nzima bila kugusa hata ndoo, akalirudisha nyuma bandani taratibu kabisa. Nikaanza kutabasamu. Zuleha akamwambia azime.

"Kaka," akasema, "kwenye hicho kioo cha pembeni unaona nini?"

Elihuruma hajui kudanganya. Akakitazama kioo. "Naona mawingu, bosi."

"Mawingu?"

"Na Mlima Meru, ile ncha yake ya juu."

"Sasa nyuma umerudije?"

"Nimetoa kichwa dirishani."

"Na kiti mbona hukukivuta?"

"Nimekikuta hivyo."

Zuleha hakucheka. "Gari la mdogo wangu litakaa juu ya hili lori, kaka yangu. Mtu asiyejiwekea hata kiti sawa siwezi kumwekea gari hilo mgongoni. Utanisamehe."

Kazi akapewa Gidion. Na nitasema kweli japokuwa iliniuma: Zuleha alikuwa na haki. Mimi mwenyewe nisingempa mpishi sufuria zangu kama anakoroga huku anatazama dari. Elihuruma alirudi Akheri, akanawa, akala, na Tekla alipomwuliza imekuwaje akajibu neno moja, "Kiti." Tekla akauchukua mto, akautoa nje akauanika juani, akauchapa vumbi kwa nguvu kuliko mto wowote unavyostahili kuchapwa.

Wiki chache baadaye yakatangazwa mashindano ya Ngarenanyuki, nyuma ya Meru, kule kwenye mashamba ya nyanya na vitunguu. Siku moja kabla ya safari Zuleha akanipigia simu.

"Mama Blessing, Gidion ameugua tumbo, hawezi hata kusimama. Yule shemeji yako yuko?"

"Yuko hapa anakula."

"Aje ashike, mashindano haya tu. Deiwaka. Tafadhali usimpe matumaini, na mwambie kioo akitazame."

Sikumpa matumaini. Tekla alijipa mwenyewe, alishona upya ule mshono wa mto uliokuwa umefumuka, akamwambia mumewe, "Wakiona unavyofanya kazi watakuchukua. Wakuone tu."

Tuliondoka asubuhi. Mimi nilikaa mbele na Elihuruma, sufuria ziko miguuni, Zuleha na Najim wanatufuata na pikapu, mafundi wametangulia. Tukapita Tengeru, wenzake wa kijiweni wakamwona ndani ya lori jipya wakapiga mbinja. Baada ya Usa River tukakata kushoto kuelekea Momela, barabara ikaanza kupanda, hewa ikapoa. Nilimtazama. Kiti bado kilikuwa cha Gidion. Yuko ukingoni, mto mgongoni, anafika kwenye klachi kwa ncha ya kiatu kama mtu anayechungulia juu ya ukuta. Ila safari hii alikuwa ameninginiza kioo kidogo cha kunyolea kwenye mkono wa kile kioo kikubwa, kwa kamba ya kiatu, ili aone nyuma.

"Shemeji," nikamwambia, "huoni kwamba kiti hicho ndicho kilichokukosesha kazi?"

"Ni cha Gidion."

"Gidion anaendesha choo saa hizi! Vuta kiti!"

"Atapona, shemeji. Akipona atakuta kiti chake."

Nikanyamaza kwa hasira, na mimi kunyamaza ni ugonjwa. Mbele kidogo tukafika kwenye korongo. Mvua ilikuwa imenyesha huko juu, maji yamepita na kuacha tope, na lori letu likazama tairi za nyuma mpaka katikati. Ukaguzi wa magari ulikuwa unafungwa kabla ya adhuhuri, na gari ambalo halijakaguliwa halikimbii. Zuleha alishuka kwenye pikapu, akatazama saa, akatazama tope, akashika kichwa. Najim, ambaye akiwa kwenye usukani anakwenda kama amefukuzwa na nyuki, akasimama kando ya njia amepooza kabisa. Elihuruma akakunja suruali, akaingia topeni na koleo. Uso wake niliusoma vizuri. Timu ikikosa mashindano mikononi mwake, basi kazi ya Ngedere imekufa na udeiwaka wenyewe umeingia doa.

Kutoka upande wa pili likaja Fuso limejaa nyanya, limeandikwa mbele MAMA KASEMA. Likasimama. Dereva akatoa kichwa.

"Deiwaka! Unafanya nini huko ndani?"

"Nimenasa, kaka."

Dereva akashuka na mnyororo bila kuulizwa. Nyuma yake likafika NITAFIKA TU, nalo limebeba nyanya, halafu USINIULIZE lenye vitunguu. Kila dereva aliyeshuka alianza kwa kupiga kelele, "Aa, deiwaka!" halafu akavua viatu. Walikata matawi wakayatupa chini ya tairi, wakaunganisha minyororo, wakagombana kidogo nani avute na nani aelekeze, kama kawaida ya wanaume wakiwa wengi. Mara ya kwanza mnyororo ukakatika. Mara ya pili lori likaguna, likatikisika, likapanda juu na tope likaturukia wote, hata Zuleha na baibui lake. Najim akashangilia peke yake kama uwanja mzima.

Zuleha akafungua mkoba wake. Dereva wa MAMA KASEMA akaukataa kwa kiganja.

"Weka, bosi. Baba yangu alipofariki huyu ndiye aliyeshika gari yangu mpaka tukamaliza matanga. Nimerudi nimeikuta imeoshwa. Hata kiti hakukisogeza."

"Kwangu pia," akasema yule wa USINIULIZE. "Mke wangu alijifungua kwa upasuaji. Kiti nilikikuta pale pale. Wengine ukiwaachia gari, ukirudi wameshajitengenezea kwao, na tajiri mwenye gari ameshawazoea. Huyu unamwachia unalala."

Zuleha akafunga mkoba polepole. Akaenda kwenye mlango wa dereva, akachungulia ndani, akaona mto wa njano, akaona kiti kilivyosukumwa nyuma, akakiona na kioo cha kunyolea.

"Kwa hiyo siku ile kwenye majaribio," akamwuliza Elihuruma, "ulikuwa unamtunzia Gidion kiti?"

"Yeye ndiye aliyenitangulia, bosi. Sikujua kama atarudi."

Zuleha akatazama saa, akasema twende, tumechelewa. Tulifika wakaguzi wanakusanya meza zao. Najim aliwaomba kwa maneno matamu kiasi kwamba mmoja wao akakaa tena. Siku ya kwanza aliendesha vizuri sana. Siku ya pili akaikosa kona, akaingia shamba la vitunguu, akatokea upande wa pili na mboga za wiki nzima kwenye bampa. Alimaliza. Nafasi siitaji, ila nyuma yake walikuwepo watu.

Tuliporudi yadi na kulishusha gari, Zuleha akamwita Elihuruma mbele ya mafundi.

"Kaka, nilikosea, au tuseme sikujua ninachokitazama. Lori nakukabidhi wewe. Mkataba wa kudumu. Gidion nitamtafutia maneno."

Nikapiga kigelegele, na katikati ya kigelegele nikamsikia shemeji yangu anasema, "Hapana, bosi."

Nikakikata kigelegele.

"Gidion yuko kitandani," akaendelea, anautazama mto wake. "Mimi nimeshika gari yake kwa sababu anaumwa. Nikiichukua, kila dereva barabara hii atasema deiwaka yule ukimwachia gari huipati tena. Na watasema kweli. Nashukuru sana, lakini hapana."

Nilikuwa na mwiko mkononi, na namshukuru Mungu kwamba nilikuwa mbali naye. Njia nzima mpaka Akheri nilimwita kila jina ninalolijua. Nilimwambia mke wake amezeeka akisubiri. Nilimwambia heshima haipikwi ikaliwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ni kweli, shemeji," na hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote.

Tekla alipoambiwa hakugomba. Alikaa jikoni akamenya ndizi, akachochea kuni, akajifuta macho kwa kanga. Nikamwuliza kama analia. "Ni moshi," akasema. Halafu akasema, "Angelichukua lori la mgonjwa, ningekuwa nimeolewa na mtu mwingine." Akaendelea kumenya. Alikuwa anapika mtori wa kumpelekea Gidion, kwa sababu mtu akiugua anajuliwa hali, hata kama ugonjwa wake umekaa juu ya riziki yako.

Kesho yake nikaubeba mtori mimi, maana sikutaka Elihuruma aende peke yake akaombe na msamaha. Gidion alikuwa amepanga chumba Daraja Mbili, si mbali na yadi. Tukapiga hodi. Ndani tukasikia mtu anapiga mluzi. Mluzi ukakatika, mlango ukafunguliwa, na mgonjwa wetu akasimama mbele yetu amevaa sare mpya ya kaki, kofia ya kuwapeleka watalii mbugani, viatu vinang'aa mpaka unajiona.

Alipotutambua akashika tumbo. "Aisee... bado linasumbua..."

"Tumbo gani?" nikamwuliza. "Hilo lenye mkanda mpya?"

Gidion akatazama chini. Kumbe siku zile za Ngarenanyuki alikuwa kwenye majaribio ya kampuni moja ya utalii. Alijua akimwambia Zuleha mapema, halafu kampuni ikamkataa, atakosa huku na huku. Na kampuni ilikuwa imemkubali tangu juzi, ila aibu ndiyo ilimfungia ndani.

"Nilikuwa natafuta siku nzuri ya kusema," akasema.

"Leo ni nzuri," nikamwambia, na ningeendelea, lakini Elihuruma aliniwekea mkono begani. Hakuwa na hasira. Alikuwa anatabasamu, tabasamu ambalo sijawahi kuliona usoni mwake tangu harusi yake.

"Hongera, Gidion," akasema. "Mimi naomba kitu kimoja tu. Uje yadi ukamwambie bosi kwa mdomo wako, na mimi nipo nasikia."

"Hata sasa hivi nakuja."

"Kwanza kula. Umepikiwa."

Tukaula ule mtori wote watatu, Gidion akiinama juu ya bakuli mpaka kofia ikaanguka. Alisema mtamu sana. Nikamwambia ni wa wagonjwa.

Nilimpigia simu Tekla, akaja bado ana majivu kwenye kanga. Pale yadi Gidion alimwambia Zuleha kila kitu, na kaki yake imesimama wima. Zuleha alimkaripia kidogo, kisha akampongeza, kwa sababu ana moyo mzuri, na akamwambia amrudishie ufunguo wa pili wa lori aliokuwa amebaki nao. Gidion akamgeukia Elihuruma. "Kaka, gari mimi nimeiacha. Siirudii. Ni yako." Zuleha akauchukua ufunguo mkononi mwa Gidion, akauweka kwenye kiganja cha shemeji yangu.

Akapanda. Akafunga mlango. Sote tukasubiri awashe, lakini kimya. Nikamwona anainama, anapapasa chini, anapapasa pembeni, anainuka, anainama tena. Mwishowe akatoa kichwa dirishani, uso umemwiva.

"Samahani jamani. Hiki kiti kinavutwa wapi?"

Dereva aliyefika nchi nzima, hajui kiti kinavutwa wapi! Yadi yote ikavunjika mbavu. Zuleha akamwelekeza, kuna kipini chini, kinyanyue. Akakinyanyua, kiti kikaruka mbele kwa nguvu, kifua kikagonga usukani na honi ikalia Daraja Mbili yote. Kuku wa jirani wakatawanyika. Alipopata pumzi, akakishika kipini tena, akarudi nyuma kidogo, mbele kidogo, mpaka miguu yake ikakaa juu ya pedali bila kunyoosha vidole. Akauchomoa mto mgongoni, akanirushia dirishani, nikaudaka. Kisha akakifungua kile kioo cha kunyolea, akakitia mfukoni, akanyoosha mkono nje, akakishika kioo kikubwa kwa vidole viwili kama kitu cha moto, akakigeuza.

"Haya, kaka Elihuruma," Zuleha akamwambia. "Sasa unaona nini?"

Akakitazama kioo.

"Namwona Tekla anacheka," akasema. "Na shemeji analia."

Nikamwambia ni moshi wa lori. Lori lilikuwa halijawashwa bado.